Bomba la kopa lililogoma kushika lehemu: kisa cha bafu moja Cheyo, Tabora

Hii kitu naiandika yote kwa sababu kila niliyemsimulia ananipa jibu lilelile, "mzee alikuwa hajui kushika moto", na mimi hapo sikubaliani kabisa. Mzee mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mtaani wanamuita Mwalimu tu na mimi nitamuita hivyohivyo, na moto alikuwa anaushika vizuri tu kwa mtu anayejifunza. Kilichomwangusha kilishatokea kabla hata hajawasha kiberiti, tena si kitu kimoja, ni vitu kadhaa vimepandana, ndo maana kila akirekebisha kimoja bomba bado linavuja anaona kama karogwa.

Nyumba iko Cheyo, ya zamani, aliyeijenga alikuwa mgeni aliyekuja na mambo ya tumbaku, na bomba za maji moto kutoka kwenye hita mpaka bafuni na jikoni aliweka kopa, yaani shaba, zile za milimita 15. Hapa Tabora hiyo ni adimu, nyumba nyingi za umri ule utakuta bomba za chuma zimeota kutu ndani mpaka maji yanatoka rangi ya chai, na nyumba za sasa zote ni PPR, zile bomba za plastiki za kijani. Mwalimu alipostaafu akaamua bafu alifumue mwenyewe na mjukuu wake aliyekuwa nyumbani anasubiri matokeo ya fomu foo. Tailsi waling'oa wao, plasta wakabomoa wao, choo wakahamisha, na kwa kweli kazi yao ilikuwa safi kuliko ya baadhi ya mafundi ninaowajua. Wakakwama kwenye shawa. Mwalimu alitaka shawa ihame kutoka ukuta wa dirisha iende ukuta wa pili, maana yake bomba la maji moto lisogezwe kama mita moja hivi, elbo mbili, yaani viungo vya kona, na mwisho kiungo cha brasi chenye nyuzi cha kufungia mikisa, lile bomba la kuchanganya maji moto na baridi. Basi. Kazi ndogo kwenye karatasi.

Mafundi waliopita kuangalia walimwambia ng'oa kopa yote weka PPR. Si ushauri wa kijinga, PPR inaunganishwa na mashine ya umeme inayofika nyuzi joto kama 260, unachomeka pande mbili sekunde chache unasukuma zinakuwa kitu kimoja, na kila hadweya unazipata. Ila kopa ya Mwalimu ilikuwa nzima kabisa, na imepita ndani ya ukuta wa sebule mpaka darini, kwa hiyo kuing'oa ni kubomoa sebule ili uhamishe shawa. Halafu kuna jambo watu huwa hawalitaji, PPR imetengenezwa kubeba maji ya nyuzi 70 hivi kwa miaka mingi, na hita ya Mwalimu ni ya zamani, thamostati yake hata yeye haiamini. Bomba la kwanza linalotoka kwenye hita ya namna hiyo mimi naona heri liwe chuma au kopa. Kwa hiyo uamuzi wake wa kubaki na kopa ulikuwa sahihi, na kujifunza kulehemu mwenyewe pia sioni kosa, tatizo lilianzia dukani.

Alienda kwenye duka la spea za friji, akakuta kopa ya kukata kwa mita, akachukua. Lehemu akapata kwa fundi redio. Elbo na kile kiungo cha nyuzi alizikuta stoo kwenye boksi aliloacha yule mgeni, mpya hazijawahi kutumika. Tochi ya gesi akaazimwa na fundi friji wa jirani. Ukimsikiliza hapo unaona ana kila kitu, si ndio? Akalehemu, lehemu ikawa inageuka vipunje inadondoka chini kama haijui kilichoiita pale. Akaongeza moto, vipunje vikaongezeka. Baadaye ikakubali kukaa, akafungua maji, ikavuja, akaongeza lehemu juu yake, ikavuja tena, mpaka pale kwenye elbo pakawa na donge kubwa la kijivu. Hapo ndo akanipigia.

Nimefika, shikamoo Mwalimu, marahaba fundi, karibu uone maajabu. Kitu cha kwanza sikugusa tochi. Niliomba toileti pepa nikakausha bomba lote na kitambaa halafu nikaviringisha karatasi kavu kwenye kila kiungo kimoja kimoja, kipya na cha zamani, nikasema tufungue maji tukae tunywe chai. Maji yana tabia ya kutoka juu yakatembea na mgongo wa bomba yakadondokea mbali kabisa na yalipotokea, ukifuata tone utalaumu kiungo kisicho na hatia. Tuliporudi karatasi mbili zilikuwa zimelowa. Moja ni ya elbo mpya, hiyo kila mtu aliijua. Ya pili ilikuwa kwenye kiungo cha zamani kilichopo shubiri moja juu yake, ambacho yule mgeni alikilehemu miaka mingi iliyopita na hakijawahi kutoa hata jasho. Mwalimu akaniambia hicho hajakigusa. Ni kweli hakukigusa yeye, kiliguswa na joto lake.

Kopa inasafirisha joto fasta sana, ndo maana wanaipenda kwenye friji na AC. Ukichoma hapa, shubiri moja pembeni panafika nyuzi za kuyeyusha lehemu bila wewe kujua, na lehemu ya zamani ikiyeyuka upya haina flaksi tena, ile dawa ya kulehemu, ya kuisafisha, inakaa pale imeoksidika, ikipoa inakuwa na vitundu vidogo. Sasa fikiria, kila Mwalimu alipokuwa anaongeza moto ili kuponya elbo ya chini alikuwa anakiharibu cha juu zaidi, na maji ya juu yanateremka na mgongo wa bomba yanadondokea kwenye elbo, yeye anaona elbo bado inavuja, anaongeza moto tena. Dawa ni kitambaa kilicholowa maji kimeviringishwa kwenye kiungo jirani kabla ya kuwasha, basi, kitambaa tu, ila hakuna aliyemwambia.

Halafu nikaikata ile elbo na msumeno wa chuma nikaipasua kwa urefu ili tuone ndani. Hii naipenda kuliko maelezo yote, kiungo kilichopasuliwa hakidanganyi. Lehemu ilikuwa imekaa mdomoni tu, ndani hamna kitu, pamekauka peusi. Na upande mmoja bomba limegusana kabisa na elbo, upande wa pili kuna nafasi ukucha unaingia.

Hiyo nafasi ndo ilinifanya niulize bomba limetoka wapi. Bomba za friji na AC zinapimwa kwa inchi, kwa nje. Aliyouziwa ilikuwa ya 5/8, ambayo ni milimita 15.88. Elbo za yule mgeni ni za milimita 15. Kwa macho ni kitu kimoja, ukizisogeza pamoja ni ugomvi, haiingii. Mwalimu akaona ni tatizo dogo tu akachukua tupa, akalipunguza bomba mpaka likaingia. Hesabu yake ni hii: ili 15.88 iingie kwenye 15 unatoa karibu milimita 0.9 kwenye kipenyo, yaani karibu nusu milimita kila upande, na ukuta wa bomba lenyewe unene wake ni milimita moja au pungufu. Kwa hiyo hapo mdomoni alibakiza kama nusu ya bomba. Na tupa ya mkono haiwezi kutoa duara, inatoa yai.

Umbo la yai ndo linaua lehemu. Watu wanadhani lehemu inapakwa, kumbe inavutwa. Kati ya bomba na elbo panatakiwa nafasi nyembamba sana, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, inayolingana pande zote, na lehemu ikiyeyuka inanyonywa yenyewe kuingia humo hata kama unalehemu kuelekea juu, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Nafasi ikiwa sifuri haipiti. Ikiwa pana hainyonywi, inadondoka. Mwalimu alikuwa na vyote viwili kwenye kiungo kimoja.

Tukahitaji bomba la kweli la 15 na hapa mjini sikujua pa kulipata siku ileile. Kumbe lilikuwa uani. Kile kipande kilichokuwa kinaenda kwenye shawa ya zamani walikikata wakakitupa kwenye rundo la vifusi, na mjukuu alikuwa ameshakipigia hesabu ya skrepa maana kopa inanunuliwa kwa kilo na bei yake inatia tamaa. Tukamnyang'anya. Kikasafishwa na msasa kikang'aa rangi ya chungwa, kinaingia kwenye elbo kwa kusukuma na mkono, hakichezi. Hicho ndo kipimo chenyewe, wala huhitaji mashine.

Suala la pili ni maji. Geti valvu ya nyumba ni ya zamani, ukiifunga mpaka mwisho bado inapitisha uzi mwembamba wa maji, na simtank liko juu ya mnara linasukuma. Kwa hiyo muda wote Mwalimu anachoma, chini ya bomba kulikuwa na maji kidogo. Yeye alishayaona, akasema ni kidogo moto utayakausha. Hapo ndo watu wengi wanapigwa. Maji hayapandi joto kupita nyuzi za kuchemka, na hapa Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari kwa hiyo yanachemka kama nyuzi 96. Lehemu ya redio inaanza kuyeyuka nyuzi 183, ile ya bomba isiyo na madini ya risasi inaenda kama 227. Maadamu kuna maji yanagusa kopa upande wa ndani, upande ule utang'ang'ania karibu na 100 hata ulete tochi mbili. Lehemu inayeyuka kwa sababu moto unaipiga yenyewe, ikigusa bomba inaganda, inakuwa kipunje, inadondoka. Ukiona mvuke unatoka mdomoni mwa bomba, zima tochi, unachoma gesi ya bure.

Tulifungua bomba la jikoni ambalo liko chini zaidi ili laini ijimwage, na ule uzi uliobaki nikauzuia na mkate. Nyama ya ndani ya mkate, bila ganda, unaifinya unaisukuma ndani ya bomba mbali kidogo na pa kuchoma, inanyonya maji kwa dakika kadhaa, inatosha kumaliza kiungo, baadaye maji yanaisaga yanaitoa. Mwalimu alidhani namtania. Ila ni lazima maji yanayokuja yawe kidogo kweli, yakiwa mengi mkate unasukumwa unakufuata, na pia utoe kichujio cha mikisa kabla ya kufungulia la sivyo utakuja kula mkate wako kwenye shawa. Na mwisho wa bomba uachwe wazi wakati wa kuchoma, maana mvuke ukikosa pa kutokea unatoboa lehemu ambayo bado ni laini na unaacha tundu dogo kama la sindano.

Sasa lehemu yenyewe, na hapa nilikuwa mkali kidogo kwa mzee wa watu. Lehemu ya redio kwa kawaida ni bati na risasi, asilimia 60 kwa 40, na katikati ina utomvu ambao ndo flaksi yake. Utomvu ule ni kwa miguu ya transista, kwenye bomba nene lenye weusi wa miaka hauna nguvu, unaungua kabla haujafanya kazi. Lakini hata ungefanya kazi nisingeuruhusu. Laini ile inaenda jikoni, maji ya moto yanachukua risasi kuliko ya baridi, na kwa watoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, hayo ni maneno ya Shirika la Afya Duniani. Marekani walipiga marufuku lehemu ya risasi kwenye bomba za maji ya kunywa tangu 1986. Nyumba ya Mwalimu wajukuu wanaingia na kutoka. Kila kilichoguswa na lehemu ile tulikata tukatupa, na tukaagiza Dar lehemu ya bati na kopa pamoja na flaksi ya kupaka, ikaja na basi.

Mafunzo yenyewe tuliyafanya nje chini ya mwembe, na vipande vifupifupi na zile elbo za ziada, kwa sababu bafuni huwezi kukosea kwa raha. Unasugua bomba kwa nje na elbo kwa ndani mpaka zing'ae, ukishasugua usishike tena na vidole maana mafuta ya mkono yanatosha kuharibu, unapaka flaksi nyembamba, unasukuma mpaka mwisho unazungusha kidogo. Moto unapiga elbo, siyo waya wa lehemu, na unauzungusha, elbo ni nene kwa hiyo ndo inachelewa. Waya unaugusisha upande wa pili ambao moto haupo, na hii ndo Mwalimu ilimchukua muda kuiamini, bomba ndo liyeyushe waya, ukiona waya unayeyuka huku moto uko upande mwingine ujue joto limeenea, toa moto, lisha waya, unaingia wenyewe na unaona unazunguka mdomo mzima. Kwa bomba la 15 waya wa urefu kama milimita 15 hivi unatosha, zaidi ya hapo unaingia ndani ya njia ya maji. Halafu acha, usitikise, usimwagie maji, kipoe chenyewe. Flaksi ikigeuka nyeusi kabla lehemu haijaingia umeshaiunguza, usilazimishe, poza sugua anza upya.

Kila kipande alichomaliza nilikipasua mbele yake. Vya kwanza vilikuwa na upande mmoja mkavu, vya baadaye rangi ya fedha imejaa kuta zote. Mjukuu akawa ndo anashindana na babu yake, na nisiseme nani alikuwa anashinda.

Bafuni tuliingia tukiwa na kazi ndogo sana imebaki, kwa sababu elbo zote mbili na kiungo cha brasi tuliviunganisha kwenye benchi nje, kikaja kipande kizima. Ndani kikabaki kiungo kimoja cha kupandisha kwenye bomba la zamani na kile cha juu kilichoharibiwa na joto, ambacho tulikivua tukakisafisha tukakilehemu upya. Nyuma ya bomba tuliweka kipande cha bati la zamani, maana dari ni jipsamu kwenye mbao na bomba la taka la plastiki linapita jirani kabisa, ndoo ya maji pembeni, dirisha wazi kwa sababu moshi wa flaksi unakereketa. Mikisa ilifungwa baada ya kopa kupoa, na tepu ya nyuzi. Kuna watu wanafunga kwanza halafu wanachoma, raba za ndani zinaiva.

Tukafuta flaksi yote kwa kitambaa cha unyevu, ikibaki inakula kopa inaacha alama za kijani. Maji yakafunguliwa bila mikisa kwanza, mkate ukatoka vipande vipande, halafu ikafungwa ikaachwa usiku mzima na karatasi zangu zilezile kwenye kila kiungo. Asubuhi kavu. Ndipo tukawasha hita tukaangalia tena na maji ya moto, maana mita moja ya kopa ikitoka nyuzi 15 kwenda 65 inarefuka karibu milimita moja, na ukiipigia plasta moja kwa moja itavuta kwenye elbo kila mtu akioga. Mwalimu akaiviringisha vitambaa na tepu kabla ya plasta. Hilo alilifikiria mwenyewe nikiwa bado natafuta maneno ya kumwambia.

Fundi friji alipokuja kuchukua tochi yake akaangalia, akasema mngenisubiri ningewalehemia na fimbo za fedha, hizo haziachii milele. Nikamwambia ni kweli zina nguvu, zinayeyuka nyuzi 600 na zaidi na presha ya gesi ya friji inazihitaji, lakini maji ya simtank hayahitaji, na kopa ikifika kuwa nyekundu inalegea, na hapo pana plastiki na jipsamu. Hakuridhika sana. Mwalimu akiwa anaosha mwiko akamuuliza, sasa ukipiga fedha hapa kwenye elbo, ile lehemu ya shubiri moja juu itakuwa wapi? Fundi friji akainua macho akaitafuta, akacheka, akasema, "Hiyo Mwalimu itakuwa sakafuni."